Mwanafunzi wa Usukani na Godoro Lililosema

Vijana wangu mnaoanza kazi ya bima, mteja akikaa mbele yenu msikimbilie kumwuliza habari za gari. Gari ni rahisi: lina rangi, lina namba, na kama ni la Kolwezi lina mlango mmoja unaofunguliwa kwa teke. Mwulizeni nani atakaa kwenye usukani. Hapo ndipo mtamwona mtu anaanza kukohoa.

Mimi nilikaa kwenye kazi hii mpaka nywele zikaniacha. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili mjini, nyuma ya duka la vitenge, na mkubwa wetu tulimwita Chef Donatien. Alikuwa na tumbo kubwa na sauti nyembamba kama filimbi. Akikaripia, wateja walidhani simu inalia. Lakini kazi aliijua. Siku yangu ya kwanza alinikalisha akaniambia:

"Banza, gari haigongake kitu. Ni batu njo banagongaka. Andika batu."

Kuandika watu ni hivi. Kila bima ina dereva mkuu, yule anayeliendesha gari siku zote. Halafu wapo madereva wa nyongeza: mke, kaka, mpwa, shofere wa kuajiriwa. Hao nao waandikwe, kila mmoja na leseni yake, ile tunayoiita permi. Asiyeandikwa akishika usukani akagonga ukuta wa mtu, mwenye gari ndiye atakayesimama mbele ya meza yenu akitokwa jasho, na ninyi mtatokwa jasho pamoja naye, kwa sababu kwa kawaida ni shemeji yenu.

Nilijifunza kwa kuaibika. Mchungaji mmoja alikuja na pikapu yake. Nikamwuliza dereva mkuu ni nani. Akafumba macho.

"Bwana mwenyewe njo anaendesha ile gari."

Nilikuwa mgeni kazini, nikauliza kama fomu inavyouliza: "Bwana eko na permi?"

Mchungaji akafumbua macho, na hayakuwa macho ya upendo. Kutoka chumba cha pili filimbi ikalia: "Banza! Pasta umuweke dereva mukubwa, Bwana umuweke wa nyongeza!" Mchungaji alifikiri kidogo, akakubali, akaondoka ameridhika.

Mwingine, mfanyabiashara, alimwandika mjomba wake mzee kuwa dereva mkuu, maana wazee hawakimbizi gari na ofisi inawapenda. Ukweli ni kwamba gari liliendeshwa na wanawe watatu, wote wenye haraka. Chef akasema anataka kumwona huyo mjomba. Mzee akaletwa ameshikwa mkono, amevaa koti zuri, akaingia na kulisalimia kabati. "Jambo sana, Chef," akaliambia kabati, "banasema mi naendesha muzuri." Chef akajibu kutoka upande wa pili wa chumba kwa adabu kubwa, akampa mzee soda, halafu akawaandika wale vijana watatu mwenyewe kwa mkono wake.

Sasa kuna mtu wa namna ya tatu, na huyu ndiye aliyenifanya nikae chini kuwaandikia: mwanafunzi wa udereva. Hana leseni bado, ana ruhusa ya kujifunza tu. Bima inaweza kumbeba, lakini kwa masharti. Lazima awe na msimamizi mwenye leseni ya siku nyingi. Msimamizi huyo naye awe ameandikwa. Akae mbele, ubavuni mwa mwanafunzi, mkono wake uweze kufika kwenye freni ya mkono. Asikae nyuma, asibaki nyumbani, asingoje kwenye baa na kusema "nilikuwa naye kwa roho." Na gari liwe na kibao kinachowaonya watu. Chef Donatien alinikaririsha maneno hayo kama katekisimu, kwa sauti, nimesimama, mpaka nikawa naweza kuyasema huku nikifikiria chakula.

Sikujua kama siku moja yangembeba mtu kweli.

Ilikuwa miaka ile mibaya. Mashine za migodi zilikuwa zinazimika moja moja, mishahara ilichelewa mpaka watu wakasahau sura yake, na maduka mengi yalikuwa yameporwa hadi misumari ya rafu. Halafu yakaanza maneno kwamba watu wa asili ya Kasai, jimbo jirani, waende kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa hapa, baba zao waliletwa na treni kuja kuchimba shaba. Jirani uliyekula naye Krismasi anakuja kupima madirisha yako kwa mapazia yake. Familia nzima zililala stesheni, na kwenye madarasa, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Hilo sitalicheka. Nitacheka mambo yaliyotokea katikati yake, kwa sababu wenyewe waliyacheka, na nilikuwepo.

Asubuhi moja Tata Tshimanga, tata maana yake baba, aliingia ofisini. Alikuwa fundi umeme wa migodini, mkazi wa mtaa wa Musonoi, mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata wakati dunia inaanguka. Alikuwa na Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Gari hilo aliliosha kabla hajajiosha mwenyewe, na mtu akifunga mlango kwa nguvu, Tshimanga alishika mbavu zake kama amepigwa yeye.

"Tata Banza," akasema, "nataka kuongeza mwanafunzi."

Wateja walikuwa wameadimika kiasi kwamba nilitaka kumkumbatia. "Mwanafunzi nani, tata?"

"Muke yangu."

Akanieleza taratibu, kofia mkononi. Yeye ameambiwa aondoke, tena nyumba imekwisha kupata mtu. Mkewe, Mama Kabange, alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, jimbo letu hili, kama mimi, hakuna aliyemfukuza. Walikuwa wameamua mke abaki na mama yake mzee, palepale Musonoi, na gari libaki naye. Kwa sababu likionekana ni gari la Mkasai, halitalala nyumbani hata siku moja. Likionekana linaendeshwa na Mama Kabange, ni gari la Mama Kabange. Tatizo lilikuwa moja: Mama Kabange hajawahi kushika usukani wa kitu chochote, hata baiskeli.

"Nani atakaa karibu naye?" nikauliza. "Sharti mtu wa permi."

"Mi siwezi kuonekana mu njia," Tshimanga akasema. "Ndugu zangu bote beko ku gare, banangoya treni. Nilifikiri..." Akatazama permi yangu, iliyokuwa chini ya kioo cha meza, pale nilipoiweka ili watu waione.

Nikamtazama Chef Donatien. Chef akatazama dari. Halafu filimbi ikalia polepole:

"Banza, ujiandike."

Ndivyo mimi, mtu wa bima, nilivyojiandika dereva wa nyongeza na msimamizi wa mwanafunzi kwenye gari la mteja wangu. Nilijisomea masharti, nikajiuliza kama nimeyaelewa, nikajijibu ndiyo. Chef akaweka muhuri.

Tshimanga hakuwa mtu wa kufanya nusu. Nilipofika kwao siku ya kuondoka, nilikuta amepaka vibao viwili vya mbao kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka: ÉLÈVE, yaani mwanafunzi kwa Kifaransa. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Nikamwambia, "Tata, sisi tunaenda kwa kujificha." Akasema, "Tunajificha, lakini tunajificha na sheria."

Mpango ulikuwa mwepesi. Kati ya Musonoi na stesheni palikuwa na kizuizi, pipa na mti juu yake, kinachosimamiwa na vijana wenye fimbo. Mkubwa wao alijiita Radar kwa sababu, alisema, haoni mtu, anamnusa. Aliyenuswa kuwa Mkasai mara nyingine alipita baada ya matusi, mara nyingine alibaki bila viatu, na mara nyingine ilikuwa mbaya kuliko hapo. Kwa hiyo Mama Kabange ataendesha, ili tangu siku hiyo watu walione gari mikononi mwake, mimi nitakaa mbele, na Tshimanga atalala nyuma chini ya godoro la sponji, na juu yake mabeseni, sufuria na cherehani. Kazi yake ilikuwa moja, kunyamaza.

"Nitanyamaza," akasema. "Lakini muambie asikanyage ambreyaje kama anaua nyoka."

Ambreyaje ndiyo ile klachi, pedali ya kushoto. Mama Kabange, mwanamke mnene mtulivu, kitambaa kipya kichwani, akaketi, akajipangusa mikono, akaikanyaga kama anaua nyoka. Gari likaruka. Godoro likalia, "Aa!"

"Tata," nikasema, "godoro hailiake."

Tulikwenda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi. Mbuzi walitupita. Mama Kabange alikuwa ameshika usukani kama mtu aliyeshika jirani asidondoke kisimani, na alimsalimia kila aliyemjua kwa kuachia mkono mmoja, na kila mara tulielekea kwa huyo aliyesalimiwa. Watu wakajifunza kutoitika salamu.

Tulipokiona kizuizi, Radar alikuwa katikati ya barabara, kifua wazi, mkono juu.

"Simama! Simamisha gari!"

"Tata," Mama Kabange akamjibu kupitia dirishani, kwa adabu, bila kupunguza mwendo, "ile somo sijafika!"

Nilivuta freni ya mkono. Gari likajikunja, likazimika, na bampa ya Tshimanga ikasimama ikiwa inagusa pipa kama inalibusu. Vijana walikuwa wametawanyika hadi kwenye mtaro. Radar peke yake alibaki.

Akazunguka gari. Akasoma kibao. Akaja dirishani kwangu.

"Munaenda wapi?"

"Ku gare. Tunapeleka bitu."

"Bitu gani biko mu nyuma?"

"Matela," nikasema. Hilo ndilo jina letu la godoro. "Na mabeseni."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Mama Kabange, ili kuonyesha kwamba hatuna la kuficha, akawasha gari tena na kuingiza gia bila kuomba ruhusa ya klachi. Chuma kikasaga chuma. Ilikuwa sauti ya kumtoa mtu machozi, na ilimtoa mtu maneno.

"Mamu wanyi!" godoro likapiga kelele. "Ambreyaje! Kwanza ambreyaje!"

Hakuna mtoto wa Kolwezi asiyejua ni nani anayesema *mamu wanyi* akiumia. Ni "mama yangu" kwa Tshiluba cha Kasai, safi kama maji. Vijana wakasogea. Fimbo zikapanda mabegani.

Radar akainama, akatazama ndani. "Matela inasema?"

Vijana wangu, kuna watu ambao hatari ikija wanakuwa simba. Mimi nilikuwa katekisimu. Mdomo ulifunguka wenyewe na Chef Donatien akatoka.

"Mwanafunzi wa udereva," nikasema, "atabebwa na bima ikiwa ataongozwa na msimamizi mwenye permi, aliyeandikwa, aliyekaa mbele, mkono wake ukifika kwenye freni ya mkono. Msimamizi asikae nyuma..."

"Nani anakuuliza ile?"

"...asibaki nyumbani, asingoje mu baa. Madereva wa nyongeza nao waandikwe majina, pamoja na..."

"Tosha!"

"...pamoja na tarehe ya permi, na mwenye gari akibadilisha dereva mkuu bila kusema..."

"Tata, tosha! Tosha!" Radar alikuwa ameshika kichwa. "Peke yako unasema hivi mu nyumba?"

Mama Kabange hakutusikiliza. Alikuwa anajaribu tena. Gari likakohoa, likazimika. Hapo kijana mmoja kutoka mtaroni akashindwa kuvumilia.

"Hapana, mama! Unatoa muguu mbio sana. Toa polepole."

"Weye unajua nini?" mwingine akasema. "Sharti apige moto kwanza."

"Hapana, sharti aweke vitesi ya pili, batu basukume."

Vitesi ndiyo gia, lakini nawaambieni, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuendesha gari. Lakini mkimweka mwanamke kwenye usukani wa gari lililozimika, kila mwanamume aliye karibu anakuwa mwalimu. Fimbo zilishushwa chini ili mikono ionyeshe vizuri. Mmoja alikuwa anakanyaga pedali hewani. Na sauti ya nyuma, sauti ya Tshimanga, haikuweza kustahimili ujinga huo.

"Ya pili, ndiyo! Ule wa pili ana haki! Musukume!"

Radar alilitazama godoro muda mrefu. Nilitazama mkono wake.

"Musukume," Radar akasema.

Wakainua mti, wakasukuma. Vijana wa kizuizi, wote, kwa wimbo kama wa kuvuta nyavu, walimsukuma Tata Tshimanga kuelekea stesheni. Gari lilipowaka liliruka mbele kwa furaha, likapita juu ya baiskeli ya Radar iliyoegemezwa kando, na halikusimama, kwa sababu somo hilo bado hatukuwa tumelifikia.

Stesheni ilikuwa imejaa watu kwenye mikeka, watoto, masufuria, moshi. Nilivuta freni ya mkono mapema, ikabaki mkononi mwangu. Mama Kabange akachagua magunia ya makaa yaliyotoka Mutshatsha, akayaendea moja kwa moja, tukasimama ndani yake taratibu kama mtu anayekaa kitandani. Vumbi jeusi likapanda. Likatulia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa teke, na Tata Tshimanga akatoka, beseni kichwani, suruali yake ya pasi imekunjika kama karatasi ya karanga. Hakumtazama mkewe, hakunitazama mimi. Akazunguka mbele, akapiga magoti, akapapasa bampa.

Mtu mmoja akacheka. Halafu mkeka mzima. Halafu stesheni yote, watu waliokaa pale bila kujua kesho, wakacheka mpaka mabibi wakajifuta macho kwa vitenge. Tshimanga aliinuka akijaribu kukasirika, akashindwa. Akamshika Mama Kabange mabega yote mawili. "Umefika," akamwambia. "Sijui namna gani, lakini umefika."

Kurudi ilibidi tupite palepale. Radar alikuwa anangoja, baiskeli begani, imekunjwa kama nane.

"Nani atatengeneza hii?"

Hapa nilikuwa nyumbani kwangu. "Bima," nikasema. "Mwanafunzi ameandikwa, msimamizi ameandikwa, alikuwa mbele, kibao kipo. Kila kitu ni sawa. Wewe, tata, ni mtu wa tatu."

Uso wake ukabadilika. "Mi ni wa tatu?"

"Ndiyo. Mtu wa tatu."

"Hapa? Mu bariere yangu? Wa kwanza ni nani?"

"Wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni ofisi. Wewe ni wa tatu."

"Hapana! Mi ni wa kwanza hapa! Uliza bote!"

Tulibishana hapo mpaka jua likatuhurumia. Ninyi mnaosoma, kumbukeni: usimwambie mtu mwenye fimbo kwamba ni wa tatu kabla hujamweleza kwamba wa tatu ndiye anayehudumiwa kwanza. Nilipomweleza hivyo, alitulia, akaniomba nirudie mbele ya wenzake.

Na alikuja ofisini. Radar, ameoga, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtoto wa komunyo. Sharti aeleze ajali ilivyotokea. Nikauliza alikuwa anafanya nini wakati gari linawaka.

"Nilikuwa nasukuma."

Chef Donatien akatoka chumbani kwake. Kama alikuwa anasukuma, alisema, huenda naye ni dereva, na dereva hawezi kuwa mtu wa tatu. Tukafikiri sana. Mwishowe Chef akaamua kwamba anayesukuma hana usukani mkononi, kwa hiyo ni nguvu tu, kama upepo au mteremko. Radar aliandikwa nguvu. Alipenda hilo kuliko baiskeli.

"Na mu gari kulikuwa batu bangapi?" Chef akauliza.

Radar alitazama mikono yake. "Mwanafunzi," akasema, "na ule tata anasema sana." Akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Basi?"

"Na matela."

Chef aliandika hivyo hivyo. Baiskeli ya tarishi wetu, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda na familia yake stesheni, ilitolewa kwa Radar badala ya ile iliyokunjika, na Chef akajitetea kwa makao makuu kwa maneno ambayo makao makuu hayajaelewa mpaka leo.

Treni haikuja upesi. Kila siku Mama Kabange alimpelekea mumewe chakula, na kila siku nilikaa ubavuni mwake, maana mwanafunzi bila msimamizi si kitu mbele ya bima. Kizuizi kikawa shule. Walimpangia masomo: leo kusimama, kesho kurudi nyuma. Walibishana, walipiga makofi, na mmoja alilala barabarani kuonyesha umbali ambao gari linatakiwa kuachia, tukamwomba aamke. Siwafanyi kuwa watu wema. Mchana ule ule waliokuwa wanampigia Mama Kabange makofi, nilimwona mzee mmoja akipita bila viatu, na mimi sikufungua mdomo. Hayo yote yalikuwa mahali pamoja.

Siku treni ilipoita, Mama Kabange aliendesha kama mtu aliyezaliwa na pedali miguuni. Alipita kizuizi kwa mkono mmoja. Alisimama kando ya behewa, sawa na mstari, polepole kabisa, hata sufuria hazikugongana. Tshimanga alikuwa amekwisha kukalia mzigo wake, juu ya behewa la wazi kati ya watu na watu. Alitazama magurudumu, akatazama umbali kutoka ukutani, machozi yakamtoka.

"Umesimama muzuri," akasema. "Umesimama muzuri sana."

Mama Kabange akazima gari. Akachomoa ufunguo, akanipa mimi. Halafu akainama chini ya kiti, akatoa mfuko wa nguo, akampa mtu aliye juu ya behewa aushike, akaanza kupanda.

"Unaenda wapi?" Tshimanga akashangaa. "Tulisema utabaki! Na mama? Na gari?"

"Mama njo alifunga ule mufuko," akasema, akihema, mguu mmoja hewani. "Vuta, tata, mi ni muzito."

"Na gari, Kabange? Gari!"

Alikuwa amefika juu. Akaketi kwenye godoro, akarekebisha kitambaa chake.

"Gari iko na bima," akamwambia. "Weye hauna."

Tshimanga akauchukua ule mfuko, akaupakata. Treni ikavuta. Nilisimama na ufunguo mkononi mpaka behewa la mwisho likaingia kwenye kona, halafu nikarudi na gari peke yangu, dereva wa nyongeza, nikiendesha polepole kuliko mwanafunzi kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Baadaye sana mfanyakazi mmoja wa reli alituletea habari zao. Walifika, walikaa kwanza kwa shida kwenye nchi ambayo Tshimanga aliijua kwa jina tu, na Mama Kabange alipata permi huko. Anaendesha lori la mahindi. Mumewe anakaa ubavuni na hafungui mdomo mpaka gari lisimame.

Ile 404 niliipeleka kwa mama mzazi wa Mama Kabange, kibibi kidogo cha Musonoi ambacho hakikujua hata upande gari linakoangalia. Bima ilipokaribia kuisha, nilikwenda kumwuliza kama ataiendeleza. Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua mboga. Gari lilikuwa limewekwa kivulini, limefunikwa kitenge, na kwenye kiti cha nyuma kuku watatu walikuwa wanaatamia mayai.

Nikamweleza yote: dereva mkuu, madereva wa nyongeza, mwanafunzi.

"Tata Banza," akauliza, "kuku banaombaka permi?"

"Kama beko mu nyuma, hapana, mama."

"Basi baache kwanza. Siku Kabange atakuya kukamata gari yake, batatoka."

Nikaandika hivyo, nikaendelea na safari yangu.